Kuukeni

Nilinyanyua kigae cha tatu kutoka ukingoni,
paa la shule ya zamani, mji wa Wirksworth,
nikadhani nimeona sufi
iliyochomoka kwenye mto wa mtu aliyekwisha kufa.
Kisha ile sufi ikapumua.

Ollerenshaw, bosi wangu, akapiga mluzi kutoka chini:
"Shuka. Shuka taratibu. Kazi imekufa."
Huku popo ana sheria yake.
Mimi nina kibali cha miaka miwili, mwezi wa kumi kinaisha;
yeye hadaiwi karatasi.

Akaja Philippa Gratton, mwanamke wa popo,
kofia ya sufu kichwani, mwezi Juni,
na redio ndogo inayogeuza ukimya wao kuwa mlio:
tak, tak, taktaktak,
kama mvua iliyoanza juu ya bati
ikajuta, ikaanza tena.
Akanipa kidude cha kuhesabia.
"Bonyeza kila anapotoka mmoja."
Nikabonyeza mara mia na arobaini na tatu,
nikakosea mara mbili, maana mbayuwayu walipita.

"Wote hao ni majike," akasema.
"Binti akizaliwa humu, humu hurudi kuzaa.
Bibi, mama, shangazi, wote dari moja."
Nikamsahihisha kimoyomoyo:
si shangazi, shangazi ni wa kuumeni.
Hawa ni mama wakubwa na mama wadogo,
kila mmoja uzito wa sarafu,
wamebanana ili joto la mmoja liwe la wote,
na katikati yao watoto, uchi kama vidole.

"Na madume?"
Akanyosha mkono kuelekea bonde zima.
"Huko. Ufa wa daraja, nyuma ya kibao cha duka.
Kila mmoja na lake."
Hakujua alichosema. Akamimina chai.

Korogwe tulilala chumba kimoja, kitanda cha kamba:
bibi Semeni upande wa ukuta, kisha mama, Chausiku, Tabu,
na mimi miguuni kama furushi,
nikipigwa mateke na ndoto za wanawake wanne.
Nilipotimiza miaka kumi na miwili
wakanitandikia mkeka barazani.
Hakuna aliyenifukuza. Asubuhi uji wangu ulikuwapo.
Sasa nalala juu ya duka la dobi.
Mashine huzunguka chini yangu hadi saa nne usiku
na joto lake ndilo blanketi langu.

Jioni ya pili mtoto mmoja alianguka.
Philippa akamtia ndani ya soksi
(soksi yangu, ya kazi; akiba nilikuwa nayo)
akaitundika ukutani, chini ya tundu.
Tukangoja. Redio ikakohoa.
Wakatoka kundi kwa kundi, wakapita,
mama za watoto wengine.
Halafu mmoja akazunguka mara tatu,
akatua, akanusa, akaita kitu
ambacho hata redio haikukipata vizuri.
Aliyetua alikuwa mmoja. Walioruka, wawili.
Ile soksi sikuivaa tena,
wala sikuitupa.

Jumapili, simu.
"Umekula? Unalala wapi siku hizi?"
"Palepale, mama."
Nyuma yake kichanga cha Tabu kinalia,
Chausiku anagombana na jiko la mkaa,
kuna mwingine anacheka.
Siulizi ni nani. Mtandao unakatika, unarudi,
na kila sauti bado naijua ilikolala.
"Unakuja lini?"
Mtandao ukakatika. Au nilisema umekatika.

Septemba Ollerenshaw akanirudisha juu.
Dari kimya. Samadi kavu, nyepesi kama pumba,
ikimetameta mabawa ya wadudu walioliwa.
Nilipanga vigae siku tatu, nikapiga misumari,
mvua ikaninyeshea, nikaendelea.
Pale ukingoni, kwenye kigae cha tatu,
barua ya Philippa iliagiza niache nafasi:
milimita ishirini.
Rula ilikuwa mfukoni, sikuitoa.
Niliingiza kidole gumba,
nikakizungusha kidogo,
nikakichomoa.